Nani Hanywi na Nani

Bonifasi alikufa kitandani kwake Kibondo, kwa kisukari, amefunikwa blanketi safi na watoto wake wamemzunguka. Mwanawe mkubwa aliponipigia simu nilikuwa nimekaa uani kwangu Kasulu nachambua maharage. Nilisema "Bwana alitoa, Bwana ametwaa," kwa sababu ndivyo mtu anavyosema, kisha nikaendelea kuchambua. Kijana akasafisha koo. "Shangazi," akasema, "mzee aliacha neno. Siku ya kuondoa matanga wewe usikose. Na umlete Mama Koleta." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza kama anajua Koleta alikuwa nani kwa baba yake, akajibu kwamba anajua tu walisoma pamoja. Nilikata simu nikacheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Walisoma pamoja! Haya, ndiyo, tulisoma pamoja sisi watatu, mwaka mmoja katika miaka ile ya sabini, na mwaka ule niliona damu ya kutosha maisha yangu yote.

Habari za baba yangu na mama yangu sitazisimulia hapa. Walikuwa watu wema na hawahusiki. Chuo chenyewe sitakitaja jina. Kilikuwa kilimani nje ya mji wa Kasulu: mabweni mawili ya matofali ya kuchoma, bwalo la bati, na nyuma ya bwalo banda la nyasi tuliloliita banda la udongo. Kilifunguliwa kuandaa walimu wa sanaa na maafisa utamaduni, kikafungwa kabla rangi ya kuta haijapauka. Asubuhi tulisoma Elimu ya Watu na Mila zao. Mchana tulisoma Sanaa ya Mwanzo, yaani kuchora, kuchonga, kusuka na kufinyanga. Masomo yote mawili yalikuwa ya mtu mmoja, Mwalimu Shekigenda, mtu wa Lushoto, mpole, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi hata siku za vumbi jekundu. Alikuja kwetu Buha akiwa na hamu ya kujua kila kitu: tunazikaje, tunaoaje, tunatukanaje. Neno lake la kila siku lilikuwa hili: "Mila haina nzuri wala mbaya. Kazi yetu ni kuiandika tu." Nilikuwa msichana wa mdomo mrefu, hata hivyo neno hilo nililiamini, kwa kuwa lilisemwa taratibu na mtu aliyevaa viatu vilivyong'aa.

Bweni letu la wasichana lilikuwa na vitanda vya chuma vilivyolia kila mtu akigeuka. Baridi ya asubuhi iliingia chini ya mlango, na harufu ya mawese ikatoka jikoni kabla hata jua halijachomoza, kwa maana mpishi wetu alitia mawese katika kila kitu, nadhani hata katika uji. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Koleta. Alitoka Kibondo, upande wa Kitahana, lakini kwao hasa ni ng'ambo, Burundi. Walivuka mpaka pamoja na maelfu waliokimbia yale mauaji ya kule. Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo tangu utoto, na kicheko cha kuziba mdomo kwa mkono. Mimi nilimpenda siku ile ya kwanza aliponiambia, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kirundi, kwamba ninakoroma kama mzee mwenye ng'ombe wengi. Nikamtupia kandambili. Akairudisha ikanipata kwenye sikio, na hapo tukawa marafiki.

Bonifasi naye alitoka ng'ambo. Yeye hakuficha. Jioni, bwalo likiwa limejaa mvuke wa ugali wa muhogo na dagaa, alikuwa anasimulia jinsi alivyolala ndani ya mafunjo, maji yamemfika kidevuni, huku baba yake na kaka zake wakipigwa kwa rungu juu ya ukingo mmoja baada ya mwingine. Alisimulia bila kulia, anatafuna. Akifika mahali pa kaka mdogo alikuwa anagonga meza mara moja kwa kiganja, pa!, sahani zinaruka, kisha anaomba chumvi. Sisi tulioketi tulikuwa hatujui tutazame wapi. Koleta kila mara aliacha kutafuna mpaka hadithi imalizike. Yeye hakusimulia chochote cha kwao, na nilipomuuliza alisema, "Sisi hakuna aliyetuhesabu, Yusta. Acha tu."

Basi huyo Bonifasi alikuwa mtu wa mikono. Muhula wa kwanza kijana mmoja kutoka Tabora, Maganga, alichukua sabuni yake ya mche, na Bonifasi akampiga kichwa kwenye ukingo wa karo mpaka meno mawili ya mbele yakabaki majini. Hakupiga kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alipiga kama mtu anayemaliza kupasua kuni. Akachapwa viboko mbele ya bendera, akahesabu mwenyewe kwa sauti, akarudi darasani. Wavulana wakamwogopa, wasichana wengine, Mungu atusamehe, wakampenda. Yeye akampenda Koleta. Na Koleta, siwezi kumsingizia, alimpenda pia.

Jumapili baada ya misa tuliruhusiwa kushuka mjini, na wengi tuliishia kwa Mama Sabina, aliyeuza pombe ya mtama. Pale chungu kiliwekwa katikati, mkazunguka kwa vigoda, kila mtu na mrija wake. Mgeni wa huku lazima aelezwe jambo moja: kwetu kunywa si kukata kiu. Ukichovya mrija katika chungu cha watu, umesema hawa ni watu wangu. Na mwanamume akiutoa mrija kinywani mwake akampa msichana, na msichana akaupokea, hapo hakuna haja ya barua ya posa; hata mbwa aliyelala mlangoni ameelewa. Bonifasi alimpa Koleta mrija wake mbele ya watu wote, siku ya manyunyu, na Koleta akafuta ncha yake kwa kidole, akanywa, akamrudishia. Akanywa tena Bonifasi. Tukapiga vigelegele, Mama Sabina akaongeza maji ya moto bure, na mimi niliimba hata sauti ikakauka. Natamani siku ile ingebaki hapo ilipo.

Lakini Mwalimu Shekigenda alikuwa na mada mpya. Jumatatu moja aliandika ubaoni kwa mwandiko wake mzuri: NANI HANYWI NA NANI? Akafuta vumbi la chaki mikononi akasema kila jamii ina watu ambao haili nao, na leo tutatoa mifano ya kwetu, bila aibu, kisayansi. Wengine wakasema wahunzi, wengine wakasema wakwe. Kisha Bonifasi akasimama. Alisema kwao ni Watwa, wale wafinyanzi. Mtu hali nao, hanywi nao, hakai juu ya mkeka wao. Vyungu vyao mnanunua, mnapikia, mnakula. Ila mikono iliyovifinyanga haigusi kikombe chako. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma bei ya chumvi.

"Na utawatambuaje?" akauliza Mwalimu, kalamu mkononi.

"Kwa udongo, Mwalimu. Mtwa anajulikana akishika udongo."

"Vizuri sana. Na mtu akinywa nao bila kujua?"

"Anavunja chungu," akasema Bonifasi. "Mpaka avunje, na yeye ni Mtwa."

Darasa likacheka. Mwalimu akaandika, akapigia mstari. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya Koleta na nikaona mkono wake umeshika ukingo wa dawati, kucha zimekuwa nyeupe. Nikamwuliza kama tumbo linamuuma. Akatikisa kichwa.

Aliniambia jioni, tukiwa tunaanua nguo uani. Aliongea upande, uso wake nyuma ya shuka. Mama yake ni Mtwa, bibi yake ni Mtwa, yeye ni Mtwa. Walipovuka mpaka, baba yake aliwaambia watoto: huku hakuna anayetujua, kwa hiyo kuanzia leo sisi ni wakimbizi tu kama wengine, na mtu yeyote asiguse udongo. Mama yake alilia kwa sababu ya udongo kuliko alivyolilia nyumba. "Na wiki ijayo Mwalimu ameweka kufinyanga," akasema Koleta. "Asiyefinyanga hapandi mwaka wa pili. Bonifasi akijua, Yusta, nimekwisha."

"Atakuacha tu. Wanaume wamejaa."

"Hataniacha," akasema. "Wewe humsikii akisimulia? Huyo mtu hajui kuacha."

Akapanga mpango wake. Alisema atafinyanga vibaya. Atafanya kitu kibaya kuliko cha kila mtu, kilichopinda, chenye nyufa, Mwalimu ampe alama ya huruma, basi. Tukalifanyia mazoezi kwa ugali, amini usiamini, jikoni, mpishi akiwa ametoka: mimi nafinyanga bakuli la ugali la hovyo, yeye ananiiga. Tulicheka mpaka machozi. Nilidhani mambo yamekwisha.

Udongo tuliuchimba wenyewe bondeni, mweusi, mzito, wenye harufu ya mvua ya zamani. Siku ile banda lilikuwa limejaa. Vijana wamevua mashati, wasichana tumekunja vitenge, kila mtu ana donge lake juu ya kipande cha ubao. Mwalimu Shekigenda alipita katikati akisema tusiogope kuchafuka, huku mwenyewe amekunja mikono ya shati kwa uangalifu. Nilimtazama Koleta. Mwanzoni alifanya kama tulivyopatana, anabonyabonya kama mtoto, kitu chake kimeinama kama kofia iliyokaliwa. Nikapumua. Nikarudi kwenye donge langu, ambalo lilikuwa linanitukana waziwazi, na kwa muda sikumtazama.

Nilipomwangalia tena alikuwa ananung'unika wimbo. Macho yake hayakuwa pale. Lile bonge baya lilikuwa limekwisha kuvunjwa, na mahali pake kulikuwa na kitako cha chungu kimekaa ndani ya gae la chungu kilichovunjika, nalo gae linazungushwa kwa vidole vya mguu, na mikono yake inapandisha kuta, miviringo juu ya miviringo, inalainisha kwa ukingo wa ganda la kibuyu. Wala haikuchukua muda. Alichuma majani mawili matatu kutoka kwenye nyasi za ukuta, akayasokota, akayabiringisha shingoni mwa kile chungu, na mchoro ukatoka, mstari safi umezunguka pande zote. Nilimwita jina lake kwa sauti ya chini. Hakusikia. Nikampiga teke chini ya ubao, na hapo akashtuka, akaitazama mikono yake, kisha akaitazama milango.

Na Mwalimu, maskini wa Mungu, akapiga makofi. "Simameni! Njooni hapa wote! Tazameni shingo hii!" Akakizunguka kile chungu, uso umejaa furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyeokota almasi njiani. "Binti, nani alikufundisha?"

Angeweza kusema uongo. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, nikiwa napika, nikiwa kanisani. Angesema jirani, angesema masista. Lakini alikuwa bado ana udongo mpaka kwenye viwiko, na nadhani hakuweza kumkana mtu akiwa katika hali ile.

"Mama," akasema.

Bonifasi alikuwa amesimama nyuma ya watu. Alisogea, akainama, akautazama ule mchoro wa majani kwa karibu kabisa, kisha akainuka akatoka nje, na tukamsikia anatapika kando ya banda. Maganga wa Tabora, yule asiye na meno mawili, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Alisubiri muhula mzima siku hii. "Ala!" akasema kwa sauti ya kuimba. "Kumbe bwana mkubwa ni mkwe wa Watwa!"

Kesho yake asubuhi bwaloni kikombe cha Koleta kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake ili kisichanganyike na vya wengine. Hakuna aliyesema amefunga yeye. Benchi alilokaa lilikuwa na nafasi ya watu sita, na hao sita walikuwa wamesimama ukutani na bakuli zao. Waha wenzangu nao wamo! Watu tuliokuwa tunaimba kila asubuhi kwamba binadamu wote ni ndugu, na tunaimba vizuri, kwa sauti nne! Bonifasi alikuwa amekaa peke yake upande wa pili, hali, hanywi, anatazama ukuta, na kila aliyepita alimnong'oneza: mkwe, mkwe, umeshavunja chungu? Mimi nilikwenda nikakaa karibu na Koleta, nikachukua kile kikombe cha uzi mwekundu nikanywa chai yake yote mpaka machicha. Maganga akasema, "Na huyu naye tumfungie uzi." Nikammwagia uji. Ulikuwa wa moto, nilijua ni wa moto, na alipiga yowe nikasikia raha. Akanirukia, nikaangukia meza, mtu akanikanyaga tumbo, Koleta akamng'ata mtu bega akatoka na kipande cha shati mdomoni, na mpishi akaja na mwiko mkubwa akapiga kila kichwa kilichokuwa karibu, chenye haki na kisicho na haki. Tulipotenganishwa, Bonifasi alikuwa bado amekaa palepale anatazama ukuta.

Ningemtazama yeye badala ya Maganga, lakini kelele ndiyo inayovuta macho. Jumamosi ilikuwa siku ya kuchoma vyungu. Vilipangwa uani nyuma ya banda, vikafunikwa kuni na nyasi, moto ukawashwa alfajiri, na baada ya saa za mchana majivu yakaanza kupoa. Mwalimu alikwenda kuchukua kamera yake. Mimi nilikuwa na chepe, navuta majivu, na Koleta amechuchumaa anatoa vyungu kwa vijiti viwili, anavipanga kwenye nyasi. Cha kwake kilitoka chekundu, hakina hata ufa. Alikigonga kwa ukucha kikalia. Alitabasamu, kwa mara ya kwanza wiki ile. "Sikia," akaniambia. "Hiyo ni sauti ya mama."

Bonifasi alikuja kutoka jikoni amebeba mchi wa kutwangia. Hakukimbia. Alianza na vyungu vya mwisho wa mstari, cha huyu na cha yule, pa, pa, vigae vinaruka vikiwa bado vya moto, kimoja kikanichoma shavu na alama yake ipo. Nilimpigia kelele. Alikuwa analia, machozi na kamasi, na anasema neno moja tu bila kupumzika: "Nilikunywa! Nilikunywa mbele ya watu! Nilikunywa!" Akafika kwenye chungu cha Koleta akainua mchi. Koleta alikuwa na nafasi ya kukimbia. Badala yake akakifunika kile chungu kwa viganja vyote viwili, akamtazama usoni, akamwambia kwa Kirundi, "Boni, oya." Yaani hapana. Mchi ukashuka. Sauti yake sitaieleza. Ukainuka tena ukashuka tena, na chungu kikavunjika chini ya mikono yake, kwa hiyo vigae vikaingia kwenye nyama kutoka chini na mchi kutoka juu.

Nilimpiga na chepe. La kwanza lilimpata mgongoni, hata hakugeuka. La pili nililishika ubavu wa bati, nikampata kati ya shingo na bega, na nikasikia mfupa ukikatika. Alipiga magoti katika majivu. Nikainua la tatu, kichwani, na ningelishusha, ila Mwalimu Shekigenda ndiye aliyenikumbatia kutoka nyuma, kamera yake inaning'inia shingoni inanigonga mgongo, anasema, "Yustina, Yustina, Yustina." Watu huniuliza kama najuta. Thubutu! Ninachojutia ni kwamba yule mwalimu alikuwa na mbio.

Katika zahanati ya misheni walimfunga Koleta mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Mganga alisema mkono wa kushoto utapona. Wa kulia, vidole vitatu vitabaki vimekunjika. Nilikuwa namlisha maharage kwa kijiko, chumba kinanuka dettol na mkojo, mwanamke wa kitanda cha jirani anasali rozari kwa sauti, mara Mwalimu akaingia. Alikuwa ameleta ndizi. Alikaa, akasema pole, akasema pole tena, na nadhani alikuwa mgonjwa kwa huzuni. Lakini kazi ni kazi. Baada ya kitambo akatoa karatasi mfukoni. Alisema mbinu ile ya kuanzia ndani ya gae haijaandikwa na mtu yeyote anayemfahamu, na akauliza kama Koleta anaweza kumweleza hatua kwa hatua, na pia kueleza, bila kujilazimisha, jinsi jamii yake inavyoichukulia mila ile ya kutonywa nao.

Koleta alimeza maharage kwanza.

"Andika kwamba iliuma, Mwalimu," akasema.

Mwalimu hakuandika. Akaikunja ile karatasi, akairudisha mfukoni, akakaa pale akimenya ndizi moja polepole mpaka ikaisha, akamlisha Koleta kipande kwa kipande. Tangu siku ile mpaka tunamaliza chuo hakusema tena kwamba mila haina nzuri wala mbaya. Alifundisha kuchora maua.

Mkuu wa chuo aliita kikao. Alisema nchi hii haina ukabila, na kwa kuwa haina ukabila, jambo hili haliwezi kuwa la ukabila. Ni ugomvi wa mapenzi baina ya wakimbizi. Ukistaajabu ya Musa! Bonifasi, begani amefungwa plasta, alipewa onyo na kazi ya bustani. Mimi nilichimba choo kipya cha wavulana peke yangu, na kila koleo la udongo nililitolea laana. Koleta akaambiwa kwamba kwa masikitiko makubwa, mtu asiyeweza kushika brashi hawezi kuendelea na Sanaa. Lori la pamba lilimchukua kumrudisha Kibondo. Alipanda bila kushika popote, kwa viwiko, na dereva akamsukuma kwa nyuma. Nilikimbia nyuma ya lori mpaka mteremkoni namtukana dereva, kwa sababu ilikuwa lazima nimtukane mtu.

Na Bonifasi? Akahitimu. Akawa afisa utamaduni, tena Kibondo hukohuko. Miaka na miaka alipanga ngoma za sherehe, akaleta mezani vyungu na vikapu vya maonyesho, akasimama kwenye kipaza sauti akasema tuenzi mila zetu. Nilimsikia mara moja Kakonko, kwenye mkutano, nikaondoka kabla ya soda. Alijua Koleta anakaa wapi. Kitahana si mbali. Koleta aliolewa na mkulima mmoja mkimya, akazaa, na watoto walipokua akarudia udongo, mbele ya watu, bila kumficha mtu. Vidole vile vitatu havinyooki, kwa hiyo vyungu vyake vyote vimeinama kidogo upande wa kulia. Wanunuzi wanavijua kwa hilo. Mimi ninacho kimoja, na maharage niliyokuwa nachambua yalikuwa ya kwenda humo.

Nilimfuata Koleta kwake. Nilidhani atakataa, hata nilikwisha kuandaa maneno ya kumwunga mkono. Akasikiliza, akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge kipya. "Twende," akasema. Njiani aliniuliza tu kama nimekula.

Uani kwa marehemu palikuwa pamejaa: wakwe, wanakwaya, maafisa wastaafu wenye makoti, vijana wa bodaboda, wajukuu. Watu walinyoa, wakala wali na nyama, sala ikasaliwa. Kisha chungu kikubwa cha pombe ya mtama kikawekwa katikati, kwa desturi ya zamani, na mirija ikasimamishwa ndani. Mjane, mwanamke mnene wa sura njema, akainuka. Alisema mumewe katika siku za mwisho alimshika mkono akamwambia: siku hiyo mtu yeyote asianze kunywa kabla ya Koleta. Mumpe mrija wa kwanza, mbele ya watu wote. Hakueleza sababu. Watu wakageuka kutafuta huyo Koleta ni nani. Mwanawe mkubwa akauchukua mrija mmoja, akaufuta kwa leso safi, akauleta kwa mikono miwili, amepiga goti. Nikiri, machozi yalinitoka; nilisema moyoni, haya Bonifasi, hatimaye.

Koleta aliupokea kwa mkono wa kulia, ule ule. Vile vidole vitatu vilivyokunjika viliushika vizuri, kama vilitengenezwa kwa kazi hiyo. Halafu akainama, akaulaza ule mrija juu ya mdomo wa chungu, taratibu, usianguke.

"Kwangu ni mwendo wa asubuhi moja," akasema. "Angekuja kunywa kwangu."

Akamwendea mjane, akamshika mikono yote miwili, akampa pole ya msiba kwa maneno yote yanayotakiwa, bila kuruka hata moja. Kisha akaniita jina, na tukatoka kwenda kutafuta gari la kurudi.